Nyumba Inapoanza Kulaza Wageni: Somo la Sheria kwa Wenye Nyumba na Wapangaji

Spring Valley ni mtaa wa nyumba zenye bustani kubwa na barabara za miti, dakika chache kutoka Sarit Centre na katikati ya Westlands. Gigiri, kwenye makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, si mbali. Watu wanaokuja Nairobi kwa mikutano, matibabu au likizo hutafuta mahali pa kulala katika mtaa huu na mitaa jirani ya Kyuna, Loresho na Kitisuru. Wenye nyumba wameiona nafasi hiyo. Chumba kilichoachwa na mtoto aliyeoa, nyumba ndogo ya nyuma au fleti iliyonunuliwa kwa mkopo hutangazwa kwenye intaneti, na baada ya siku chache mgeni wa kwanza anabisha langoni.

Wengi huanza hivyo wakiamini kuwa nyumba ni yao, kwa hivyo hawahitaji ruhusa ya mtu. Sheria haioni hivyo. Anayeanza bila kujua hilo huweka hatarini pesa alizowekeza, jirani zake, na zaidi ya yote, mgeni aliyemwamini na kulala chini ya paa lake.

Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza:

- kutambua ni lini nyumba inahesabiwa kuwa biashara ya utalii;
- kupanga stakabadhi zinazohitajika kwa mfuatano unaofaa;
- kueleza wajibu wa mwenyeji kuhusu usalama na habari za siri za mgeni;
- kujua ni lini anahitaji wakili, na namna ya kumtambua wakili wa kweli.

1. Mgeni wa familia na mgeni anayelipa

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa methali hii ni ndugu au rafiki, na hakuna leseni inayohitajika ili alale sebuleni. Mgeni anayelipa ni mteja. Anapolipia kitanda, mwenye nyumba anaingia katika sekta ya utalii hata kama chumba ni kimoja.

Sheria kuu hapa ni Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011. Kifungu cha 98 kinakataza mtu kuendesha shughuli ya utalii iliyotajwa katika Jedwali la Tisa la sheria hiyo bila leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA. Wengi hudhani jedwali hilo ni la hoteli kubwa na kambi za mbugani pekee. Lakini limetaja pia nyumba za wageni, fleti zenye huduma, nyumba za likizo na nyumba za familia zinazopokea wageni. Mikahawa, kampuni za kutembeza watalii na mawakala wa usafiri nao wamo.

Kwa miaka kadhaa nyumba za kukodishwa kwa muda mfupi ziliongezeka jijini bila wengi kuijali orodha hiyo. Mambo yalibadilika Januari 2024, wanawake wawili walipouawa kwa siku tofauti katika nyumba za aina hiyo jijini Nairobi. Maelfu ya watu waliandamana tarehe 27 mwezi huo kupinga mauaji ya wanawake. Serikali nayo iliwakumbusha wenye nyumba hizo kuwa ni lazima wasajiliwe na TRA. Hoja ilikuwa ya msingi: nyumba isiyosajiliwa haijakaguliwa, na mwenyeji asiyeandika jina la mgeni hawezi kuwasaidia polisi jambo baya linapotokea.

Mkazi anaweza kuuliza kwa nini aende kwa TRA na pia kwa kaunti. Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Sera ya utalii ni kazi ya serikali ya kitaifa. Leseni za biashara, utalii wa mashinani, mipango ya ardhi, zimamoto, leseni za pombe na udhibiti wa kelele ni kazi za kaunti. Leseni moja haichukui nafasi ya nyingine.

2. Swali la kwanza: je, nyumba hii inaruhusiwa?

Watu wengi hukimbilia leseni. Wakili mwenye uzoefu huanza nyuma zaidi, kwa kuuliza kama nyumba yenyewe inaruhusiwa kulaza wateja. Jibu hutafutwa mahali patatu.

Matumizi ya ardhi. Mwongozo wa ujenzi wa Nairobi wa mwaka wa 2004 uliiweka Upper Spring Valley katika zoni ya 5, pamoja na Kyuna na Loresho, kama eneo la makazi yasiyosongamana, nyumba moja ya familia kwa kila ploti. Ploti ya makazi haigeuki kuwa ya biashara kwa sababu mwenyewe ameweka kibao langoni. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kubadilisha matumizi kunahitaji idhini ya kaunti, na majirani wana haki ya kutoa maoni au pingamizi kabla ya uamuzi. Familia inayokaa nyumbani kwake na kumpokea mgeni katika chumba cha ziada si sawa na nyumba ya vyumba vinane yenye mapokezi na mgahawa. Kadiri makazi yanavyopungua na biashara inavyoongezeka, ndivyo haja ya idhini inavyokuwa wazi. Asiye na hakika aulize idara ya mipango ya kaunti kabla ya kutumia pesa kwenye ukarabati.

Kanuni za jengo. Kwa fleti zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, wenye nyumba wote huunda shirika la pamoja lenye kanuni zake. Kanuni hizo humfunga mwenye fleti na mpangaji wake, na zinaweza kuweka masharti kuhusu ukodishaji wa siku chache. Anayetaka kununua fleti ili ailaze wageni asome kanuni hizo kabla ya kutia sahihi. Akishanunua, itambidi awashawishi jirani zake wazibadilishe.

Mkataba wa upangaji. Mpangaji si mwenye nyumba. Mikataba mingi inasema nyumba ni ya makazi ya mpangaji na familia yake, na kwamba hataikodisha kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Tuchukue mfano. Mpangaji anakodi fleti kwa Sh80,000 kwa mwezi, anachukua mkopo wa Sh600,000 kununua samani na televisheni, kisha anaitangaza. Miezi miwili baadaye landilodi anagundua na kumpa notisi ya kuhama. Mpangaji anabaki na samani, deni, na wageni waliolipia siku za mbele. Barua moja ya idhini, iliyoombwa mapema, ingeyazuia yote hayo. Jibu la landilodi kwa simu au kwa kutikisa kichwa halitoshi. Idhini iandikwe, itiwe sahihi na ihifadhiwe.

3. Leseni na kodi

Nyumba ikisharuhusiwa, hatua zinazofuata ni hizi:

- Kusajili biashara. Mtu anaweza kuendesha kwa jina lake, kusajili jina la biashara, au kuunda kampuni. Kampuni hutenganisha mali ya biashara na mali ya familia, na tofauti hiyo huonekana siku ambayo mgeni anashtaki.

- Leseni ya TRA. Hutolewa baada ya maombi na ukaguzi, na huombwa upya kila mwaka.

- Leseni ya pamoja ya biashara ya Kaunti ya Nairobi. Tangu 2023 kaunti imeunganisha leseni ya biashara na vibali kama vile vya zimamoto na usafi wa chakula katika hati moja, badala ya mkazi kuzunguka dirisha hadi dirisha.

- Ushuru wa utalii. Biashara zinazohusika hutoa 2% ya mapato yao kwa Hazina ya Utalii. Hazina hiyo ndiyo inayosaidia kugharamia Chuo cha Utalii kilicho Barabara ya Thika, ambako wapishi na wahudumu wengi wa hoteli nchini wamesomea.

- Kodi za KRA. Kodi ya nyumba ya makazi haitozwi VAT. Wengi hukosea hapa, kwa kudhani chumba cha mgeni ni nyumba ya makazi. Sheria ya VAT ya 2013 imeziondoa hoteli na malazi ya likizo katika msamaha huo. Biashara ikifikisha mauzo ya Sh milioni 5 kwa mwaka, ni lazima isajiliwe na kutoza VAT.

Anayeuza pombe anahitaji leseni ya pombe ya kaunti pia. Anayepiga muziki kwa wateja anahitaji leseni ya hakimiliki. Anayemlipa mfanyakazi kwa miezi mitatu au zaidi anatakiwa na Sheria ya Ajira ya 2007 ampe mkataba wa maandishi. Dada wa kazi aliyekuwa akiifulia familia, na sasa anawatandikia wateja vitanda, amekuwa mfanyakazi wa biashara. Saa zake za kazi na malipo yake yaandikwe upya.

4. Habari za mgeni si mali ya mwenyeji

Mwenyeji mwangalifu huandika jina la kila mgeni, nambari ya kitambulisho au pasipoti, na siku za kuingia na kutoka. Kufanya hivyo ni jambo jema. Lakini akishapiga picha ya pasipoti kwa simu yake, anabeba wajibu mpya chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kwa kawaida biashara ndogo yenye mauzo yasiyofika Sh milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiozidi 9 haihitaji kusajiliwa na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sekta ya malazi na mikahawa haina msamaha huo. Kanuni za usajili zilizoanza kutumika Julai 2022 zimeiorodhesha miongoni mwa biashara zinazosajiliwa bila kujali ukubwa. Kwa biashara ndogo ada ni Sh4,000, na cheti hudumu kwa miezi 24.

Sheria hii inatekelezwa. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna ilitangaza kuitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila ridhaa yake. Picha ya mtu mmoja akijiburudisha iligharimu kiasi hicho. Mwenyeji anayetangaza nyumba yake kwa picha za wageni wakiwa bustanini aombe ruhusa yao kwanza, tena kwa maandishi.

Mambo manne yanatosha kuanzia:

- Kuchukua habari zinazohitajika tu. Hakuna haja ya kuuliza dini au kabila la mgeni.
- Kuzifungia. Nakala za vitambulisho zisikae kwenye meza ya mlinzi langoni wala kwenye kundi la WhatsApp la jengo.
- Kuziharibu zisipohitajika tena.
- Zikiibwa au kuvuja na kuna hatari ya mtu kudhurika, kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72.

Kuhusu kamera, ya langoni inaruhusiwa mradi mgeni ajulishwe kuwa ipo. Chumbani na bafuni hairuhusiwi kabisa. Kampuni ya Airbnb yenyewe ilipiga marufuku kamera zote za ndani ya nyumba duniani kote kuanzia 30 Aprili 2024, hata zile zilizotangazwa waziwazi kwa mgeni.

5. Mgeni aondoke salama

Sheria ya Dhima ya Wenye Majengo, Sura ya 34, inamtaka anayesimamia jengo ahakikishe, kwa kiwango cha busara, kuwa anayelialikwa humo yuko salama kwa shughuli iliyomleta. Mgeni wa malazi amekuja kulala, kuoga, kupika na kupanda ngazi. Kwa hivyo shawa ya umeme yenye waya ulio wazi, roshani yenye vyuma vilivyolegea, mtungi wa gesi unaovuja na bwawa lisilo na uzio ni mambo ya mwenyeji. Sheria inatarajia pia kuwa watoto hawana tahadhari ya watu wazima.

Wengi hubandika kibao: “Mwenye nyumba hatawajibika kwa ajali yoyote.” Kibao hicho si ngao ya kutegemewa. Onyo husaidia pale tu linapomwezesha mgeni kuwa salama kweli. Kuandika “ngazi inateleza” kando ya ngazi ya pekee inayoelekea chumbani hakumsaidii mtu ambaye lazima aipande. Dawa ni kuitengeneza ngazi.

Bima nayo isisahauliwe. Bima ya kawaida ya nyumba huandikwa kwa makazi. Mwenye nyumba akigeuza matumizi bila kuiarifu kampuni ya bima, anaweza kunyimwa fidia siku moto unapotokea. Barua kwa kampuni ya bima iandikwe kabla ya mgeni wa kwanza kufika.

Majirani pia wana haki ya usalama na utulivu. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 zinahusu nyumba ya wageni kama zinavyohusu klabu. Sheria za nyumba zitaje saa za kimya, idadi ya watu wanaoruhusiwa, na kama sherehe zinakubaliwa.

6. Mapatano na mgeni, na ugomvi ukitokea

Ugomvi mwingi wa malazi unahusu pesa: mgeni aliyeghairi anataka kurudishiwa malipo, au mwenyeji amekata pesa za uharibifu ambao mgeni anaukana. Karatasi moja, iliyotumwa kwa mgeni kabla hajalipa, huzuia nyingi ya kesi hizo. Iseme bei yote pamoja na ada za usafi, sharti la kughairi, kiasi cha dhamana ya uharibifu na siku kitakaporudishwa, saa za kuingia na kutoka, na idadi ya watu. Picha za nyumba zipigwe kila mgeni anapoingia na anapotoka.

Mapatano yakishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyozinduliwa Milimani Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh milioni 1 yanayohusu huduma, bidhaa, pesa zilizoshikiliwa na fidia ya majeraha. Kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mtu anaweza kujitetea mwenyewe, na kanuni ngumu za ushahidi hazifuatwi. Mlango huu uko wazi pande zote mbili: mwenyeji aliyevunjiwa televisheni, na pia mkazi wa Nairobi aliyelipia safari kwa wakala kisha asipate tiketi wala pesa zake.

7. Wakili ni wa lini, na ni nani?

Si kila hatua inahitaji wakili. Leseni ya kaunti, maombi ya TRA na usajili wa data mkazi anaweza kuvifanya mwenyewe. Wakili anastahili gharama yake katika mambo haya: kununua fleti au kubadilisha matumizi ya ardhi, kuandika mkataba na landilodi au na kampuni itakayosimamia nyumba, kuingiza mshirika kwenye biashara, na kujibu barua ya madai ya mgeni aliyeumia. Barua kama hiyo isijibiwe kwa hasira wala kwa kuomba radhi haraka haraka kabla ya kupata ushauri.

Kumtambua wakili halisi ni rahisi, mradi mteja asione haya kuuliza. Kila wakili anahitaji cheti cha kufanya kazi cha mwaka husika. Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, kina orodha ya mawakili mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Lakini jina pekee halitoshi. Oktoba 2023, tawi la Nairobi la chama hicho liliuonya umma kuhusu mtu lililosema si wakili, ambaye alidaiwa kutumia utambulisho wa wakili mwingine kwenye mfumo wa chama. Kwa hivyo mteja alinganishe jina na picha, aende afisini badala ya kukutana mkahawani, na aombe risiti kwa kila malipo.

Kabla ya kazi kuanza, ada iandikwe: ni kiasi gani, ni ya kazi ipi, na gharama za serikali ziko ndani au nje. Pesa za kununulia mali zipitie kwenye akaunti ya wateja ya afisi ya wakili, kamwe si kwenye simu yake binafsi. Wakili akikosea maadili ya kazi, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Kwa wasio na uwezo, hasa wafanyakazi wa hoteli na majumbani waliodhulumiwa mishahara, Kituo cha Sheria kimetoa msaada tangu 1973, na LSK huandaa kila mwaka wiki ya ushauri wa bure.

Maswali ya kujipima

1. Mkazi wa Loresho anakodisha chumba kimoja tu cha nyumba yake kwa watalii. Je, anahitaji leseni ya TRA?
2. Mwenyeji ana wafanyakazi wawili na mauzo ya Sh900,000 kwa mwaka. Je, anasamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data?
3. Mpangaji ameambiwa na landilodi kwa simu, “Hakuna shida, laza wageni.” Akose nini?
4. Wakala amekataa kurudisha Sh45,000 za safari iliyofutwa. Dai lipelekwe wapi?

Majibu

1. Ndiyo. Nyumba ya familia inayopokea wageni wa kulipa imo kwenye Jedwali la Tisa.
2. Hapana. Biashara za malazi husajiliwa bila kujali ukubwa.
3. Amekosa idhini ya maandishi. Aiombe kabla ya kununua samani.
4. Mahakama ya Madai Madogo, pamoja na risiti, ujumbe wa simu na mapatano yoyote yaliyoandikwa.